Maswali ya Wasomaji: Baada ya Mtoa Mada Kuketi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wanachama wa klabu za huduma kwa jamii, wale wanaokutana kila wiki au kila mwezi, wakachanga fedha, wakapanga kazi za kujitolea na kumsikiliza mgeni mwalikwa. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtaalamu wa afya ya akili akialikwa, mkutano uendeshwe vipi ili usiishie kwenye makofi? Tumechagua barua tano, tukazifupisha na kuondoa majina.

TULIPIGA MAKOFI, TUKAENDA ZETU

Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa klabu inayokutana kila wiki kwa saa moja. Kila mkutano huwa na mtoa mada kutoka nje, naye hupewa dakika 20. Miezi mitatu iliyopita tulimwalika mtaalamu wa saikolojia azungumzie afya ya akili. Alikuja na slaidi nyingi, akapitia majina ya maradhi moja baada ya jingine, tukampigia makofi, tukampa cheti cha shukrani na kupiga naye picha. Wiki iliyofuata mwanachama mmoja alinivuta kando akaniambia kwamba hajalala vizuri kwa miezi kadhaa, na kwamba siku ile alikaa akingoja kusikia aende wapi, asisikie. Tangu hapo nafsi yangu inanisuta. Tunataka kumwalika mgeni mwingine. Nifanye nini safari hii?

JIBU: Ndugu Katibu, kabla hujapanga mkutano wowote, mrudie mwanachama huyo. Alikuvuta kando kwa sababu alikuamini, na miezi mitatu ni muda mrefu kwa mtu asiyelala. Mwulize hali yake, na kama bado hajaonana na mtaalamu, jitolee kumsaidia kupata miadi na hata kumsindikiza. Hilo halihitaji kikao wala kumbukumbu.

Sasa nije kwenye mkutano. Mtu anayefundisha namna ya kutunza kisima huzungumza na watu ambao wengi wao hawana kiu wakati ule. Anayezungumzia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, huzungumza na watu ambao baadhi yao wanaumwa palepale walipoketi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili, yaani watu wapatao milioni 970. Hayo ni makadirio ya dunia nzima, wala hayawezi kuuhesabu ukumbi wenu, lakini anayeandaa mkutano wa watu 40 atakuwa na busara akijipanga kana kwamba watano kati yao wamekuja na mzigo huo, pengine bila hata mke au mume kujua.

Ndiyo maana nakushauri uanze na mwisho. Kabla ya kumtafuta mgeni, tafuta mahali ambapo mtu aliyeguswa ataweza kwenda kesho yake asubuhi. Fahamu ni kliniki au hospitali gani inayopokea wagonjwa wa aina hiyo, hufunguliwa siku zipi, gharama yake ni kiasi gani, kama barua ya rufaa inahitajika, na kama ipo namba ya simu ya msaada inayopokelewa usiku. Kisha piga namba hizo mwenyewe. Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona zaidi ya mara moja orodha zilizopambwa vizuri ambazo nusu ya namba zake hazipatikani, na mtu aliyekusanya ujasiri wa wiki nzima kupiga simu moja huenda asipige ya pili. Yaandike mambo hayo kwenye kadi ndogo, nawe uiweke kadi moja juu ya kila kiti kabla watu hawajaingia. Kadi ikiwa mezani karibu na mlango, mwenye kuihitaji ataogopa kuonekana akiichukua. Ikiwa juu ya kila kiti, kila mtu ataondoka nayo na hakuna atakayejua ni nani aliyeitumia.

Ukishafika hapo, mgeni mwenyewe atakuwa rahisi kumchagua. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye mwenye mamlaka ya kuandika dawa. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Mshauri nasaha humsaidia mtu kupita katika msiba, ndoa yenye misukosuko au msongo wa kazi. Yeyote kati yao anafaa, mradi umwombe jambo dogo. Mwaliko unaosema “utuzungumzie afya ya akili” ndio unaozaa zile slaidi zenye majina ya maradhi, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuumaliza uwanja huo katika dakika 20. Mwombe badala yake aeleze namna ya kumsogelea mwenzako unayemwona amebadilika, au kinachotokea siku ya kwanza mtu anapoingia kliniki. Mada hii ya pili haiombwi mara nyingi, nami naiona ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa wengi huogopa mlango wa kliniki kuliko ugonjwa wenyewe: hudhani watalazwa kwa nguvu, watapewa dawa za kuwalaza usingizi mchana kutwa, au siri zao zitafika kwa mwajiri. Mtaalamu akieleza kwamba miadi ya kwanza kwa kawaida ni mazungumzo na maswali kuhusu usingizi, hamu ya chakula, kazi na familia, hofu hiyo hupungua.

Punguza matangazo ya klabu siku hiyo. Gawa vipande vya karatasi, na kila mmoja arudishe chake hata kikiwa kitupu, ili mwenye swali zito asijulikane. Tangaza mapema kwamba anayetaka kutoka nje atoke bila kuomba ruhusa, na uwape wanachama wawili wenye utulivu kazi ya kukaa karibu na mlango. Mtu akitoka na asirudi upesi, mmoja wao amfuate na kumwuliza kama angependa kuwa na mtu naye. Mwombe mgeni abaki nusu saa baada ya mkutano kufungwa. Picha zipigwe na mgeni pamoja na viongozi tu, na kamwe zisipigwe wakati wa maswali. Tena wewe mwenyewe, kwa kuwa ndiwe unayeshika kalamu, usiandike katika kumbukumbu za mkutano neno lolote ambalo mwanachama alisema kuhusu maisha yake. Kumbukumbu husomwa tena kikao kijacho, na huhifadhiwa miaka mingi.

MWENYEKITI ALIMKATIZA

Ndugu Mshauri, katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, mgeni alipomaliza kuzungumza, mwanachama mmoja alisimama akaanza kusema kwamba mwaka jana alijaribu kujiua. Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti akamwambia, “Asante, muda wetu umekwisha,” akafunga mkutano. Mwenzetu huyo hajahudhuria tena, na katika kundi letu la simu hakuna anayemtaja. Je, tulikosea? Na sasa tufanyeje?

JIBU: Ndugu Mwanachama, naamini mwenyekiti wenu aliogopa, na mtu mwenye hofu hushika kile anachokijua, naye anaijua saa. Lakini mwenzenu aliondoka akiwa ameitoa siri nzito kuliko zote mbele ya watu, na jibu alilopewa lilikuwa la ratiba. Hilo lilimwumiza, nanyi mnapaswa kulikiri.

Alichopaswa kufanya kiongozi hakihitaji taaluma. Angetulia kidogo, akamtazama mwenzake, akasema, kwa mfano, “Asante kwa kutuambia. Tunafurahi kwamba uko hai na uko pamoja nasi. Ningependa mimi na mgeni wetu tukae nawe mara tu tukimaliza.” Maneno hayo humzuia pia msemaji asiendelee kusimulia kwa undani, na hapo ipo sababu ya maana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu kuripoti habari za kujiua inatahadharisha dhidi ya kutaja njia iliyotumika na mahali ilipofanyika, kwa kuwa maelezo ya aina hiyo yanaweza kumsukuma mtu mwingine aliye katika hali ile ile. Kwa upande mwingine, kusikia jinsi mtu alivyofika ukingoni kisha akapata msaada na kuendelea kuishi kunaweza kumshika mkono aliye gizani. Kwa hiyo asizibwe mdomo. Asaidiwe kusimulia alivyosaidika, na hayo mengine ayaseme faraghani kwa mtu aliyefunzwa kuyasikiliza.

Sasa mwendeeni. Aende mmoja anayemwamini, asiende na msafara. Aseme wazi kwamba klabu ilimkosea siku ile, kisha amwulize hali yake ya leo, na asiogope kumwuliza moja kwa moja: “Je, siku hizi unafikiria kujiua?” Watu wengi huamini kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zilizochunguza jambo hili hazikuona hivyo. Mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu kwa kuwa hatimaye amepata wa kumwambia. Swali lenye kukwepa, kama vile “Hufikirii mambo mabaya, sivyo?”, humfundisha kwamba jibu linalotakiwa ni hapana.

Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake. Ondoeni karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, hasa dawa, sumu za wadudu na silaha, mmpigie simu mtu wa familia anayemtaka yeye, na mmpeleke siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya au idara ya dharura. Ahadi ya “usimwambie mtu” isitolewe katika hali hii. Kila mwaka zaidi ya watu 700,000 duniani hufa kwa kujiua, na wanaojaribu ni wengi mara nyingi kuliko hao. Kati yao wamo ambao walikuwa wamemdokezea mtu.

Neno moja kuhusu lugha, kwa kuwa nimeona katika barua nyingine tatu watu wakiandika “jaribio lililoshindikana”. Kubaki hai hakuwezi kuitwa kushindwa. Semeni tu kwamba alijaribu kujiua na akanusurika.

KAZI YETU NI VISIMA NA MADAWATI

Ndugu Mshauri, nimekuwa mwanachama wa klabu ya huduma kwa miaka 31. Tumejenga madarasa, tumechimba visima, tumepanda miti. Sasa vijana wanaleta mada za mawazo na huzuni. Haya si mambo ya familia na ya madaktari?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki. Klabu haina kibali cha kutibu, na mwanachama aliyehudhuria semina moja hapaswi kujifanya mganga wa nafsi za watu.

Hata hivyo historia ya klabu za aina yenu inaonyesha kwamba mara nyingi kazi kubwa iliingia kupitia mgeni mmoja aliyealikwa kuzungumza. Tarehe 30 Juni 1925, huko Cedar Point katika jimbo la Ohio nchini Marekani, Helen Keller, aliyekuwa haoni wala hasikii, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Lions, chama kilichokuwa na umri wa miaka 8 tu tangu kianzishwe Chicago. Aliwaomba wajitwike vita dhidi ya upofu unaoweza kuzuilika na wawe watetezi wa vipofu. Walikubali, na karne moja baadaye huduma ya macho bado ni alama ya chama hicho. Wanachama wale hawakugeuka madaktari wa macho. Walichangisha fedha, walisafirisha wagonjwa, walisaidia zahanati, waliwashawishi viongozi. Rotary, chama kingine cha huduma kilichoanza mwaka 1905, ilifanya vivyo hivyo ilipojitosa mwaka 1985 katika vita dhidi ya polio, na wengi wa wanachama wake hawajawahi kumchoma mtoto sindano.

Katika afya ya akili pia kazi ya namna hiyo ipo tele. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua, baada ya familia kukosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 alianza kuwafunza bibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, namna ya kuketi na mtu kwenye benchi, kumsikiliza na kumsaidia kulichambua tatizo lake hatua kwa hatua. Bibi hao hawakutumia majina ya kigeni ya maradhi. Walitumia neno la Kishona “kufungisisa”, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo kila aliyeketi aliliona kuwa lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha waliopata huduma hiyo na waliopata huduma ya kawaida, na baada ya miezi sita dalili za waliokaa kwenye benchi zilikuwa zimepungua zaidi kwa kiasi kikubwa.

Iangalie tena ile nauli, mzee wangu. Klabu iliyoweza kuchimba kisima inaweza kabisa kuwa na mfuko mdogo wa kumfikisha mgonjwa kliniki na kumrudisha nyumbani.

NIMEOMBWA NIWE MGENI MWENYEWE

Ndugu Mshauri, niliugua sonona kali, nikatibiwa, na sasa nina miaka miwili tangu nipate nafuu. Rafiki yangu ambaye ni kiongozi wa klabu anataka nikazungumze kwenye mkutano wao. Natamani kusaidia lakini naogopa. Mume wangu hapendi. Nikubali?

JIBU: Dada yangu, hofu yako usiifukuze haraka; isikilize inachosema. Ni kweli kwamba hakuna kinachopunguza unyanyapaa miongoni mwa watu wazima kama kukutana ana kwa ana na mtu aliyeugua akapata nafuu. Mtaalamu anaweza kueleza kwamba sonona inatibika, lakini wewe ukisimama pale unakuwa ushahidi wenyewe.

Lakini ushahidi huo ni mali yako. Zungumza kwanza na anayekutibu, na umwulize kwa uwazi kama anaona wakati umefika. Kisha amua, kabla ya siku yenyewe na kwa maandishi, mambo utakayoyasema na mambo utakayoyafunga, kwa sababu mbele ya watu wenye huruma mtu hujikuta amesema zaidi ya alivyokusudia, na usiku wake hapati usingizi. Waambie viongozi kwamba hutaki kurekodiwa, au kwamba utakubali kwa masharti. Sauti ikishaingia kwenye makundi ya simu hairudi. Omba uzungumze pamoja na mtaalamu ili maswali ya kitabibu yamwendee yeye. Jiwekee haki ya kughairi hata asubuhi ya siku hiyo, na rafiki yako akikasirika kwa hilo, basi hakuwa tayari kukualika.

Kuhusu mume wako, mwulize anachoogopa hasa. Huenda anaogopa maneno ya watu, na huenda pia kuna sehemu ya simulizi yako ambayo ni yake: usiku aliokesha, machozi aliyoyaficha, pengine makosa aliyoyafanya. Sehemu hiyo huna ruhusa ya kuisimulia bila yeye, wala ya watoto wenu. Mkikubaliana kuhusu mpaka huo, nadhani upinzani wake utalegea. Usipolegea, subiri. Mkutano mwingine utakuwepo.

NILIJITAMBUA NIKIWA KITINI

Ndugu Mshauri, mgeni alieleza dalili za sonona na nikaona ananisimulia mimi. Nilitaka kumfuata nje lakini miguu iligoma. Sasa ni siku ya tisa. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, umeshaanza, kwa kuwa umeandika.

Iwapo kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi umevurugika, chakula hakipandi, mwili umechoka, akili haitulii au unajiona huna thamani, basi una sababu ya kutosha ya kuonana na mhudumu wa afya. Si lazima aliyezungumza klabuni awe ndiye daktari wako. Nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huenda wakachukua damu, usishangae, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana na sonona. Ukiandikiwa dawa, fahamu kwamba nafuu yake huchukua wiki kadhaa, na usiziache ghafla bila kumwambia aliyekuandikia. Ukipewa tiba ya mazungumzo, hudhuria hata siku ambayo unaona huna la kusema.

Lakini kama miongoni mwa mawazo yako yamo ya kutaka kufa, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na mwende pamoja hospitalini usiku huu huu.

Najua sehemu ngumu kuliko zote ni sentensi ya kwanza pale dirishani, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yako. Iandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani: “Sijisikii vizuri tangu muda mrefu, silali, na nahitaji kuzungumza na daktari faraghani.” Sauti ikikukwama, mpe mhudumu karatasi hiyo aisome.